Kuhamia Kilimani: mwongozo kamili wa nyumba, chakula na maisha ya mtaani

Nyumba ya kwanza niliyopanga Kilimani, Nairobi, ilinivutia kwa jikoni yake. Kaunta ya granaiti, makabati meupe hadi darini, na dirisha pana lililotazama jakaranda la jirani likiwa limechanua zambarau tupu. Nikalipa siku hiyo hiyo. Sikufungua hata mfereji mmoja. Siku ya tatu baada ya kuhamia nilikuwa nashuka ngazi kutoka ghorofa ya sita na mitungi miwili ya lita 20, keateka ananiambia pampu imekataa. Mwaka uliofuata jakaranda likakatwa, nyumba ya mawe iliyokuwa chini yake ikabomolewa, na kwa miezi mingi nikawa nalala na kuamka kwa mlio wa mashine za kuchimba msingi.

Tangu hapo nimehama mara mbili, zote ndani ya Kilimani, kwa sababu mtaa wenyewe naupenda. Haya ndiyo ningemwambia ndugu yangu anayetafuta nyumba huku, au hapo jirani Kileleshwa na Lavington ambako mambo ni yale yale: achana kwanza na jikoni. Anza na barabara, halafu maji, halafu jua, halafu karatasi.

Hatua ya kwanza: chagua barabara kabla ya nyumba

Kilimani imelazwa kati ya Ngong Road upande wa kusini na Kileleshwa upande wa kaskazini. Magharibi unaingia Lavington, mashariki unapanda kuelekea Milimani na Upper Hill. Wakati wa ukoloni mitaa hii ilitengewa Wazungu, Wahindi wakawekwa Parklands, na Waafrika wakabanwa Pumwani, Kaloleni na kwingineko Eastlands. Ndiyo maana ploti za huku zilikuwa kubwa, nyumba moja ya vigae vyekundu katikati ya bustani. Leo ploti ile ile inabeba jengo la ghorofa 15, familia kadhaa juu ya familia, na mabomba ya chini ya ardhi hayakukua kwa kasi hiyo. Shida nyingi utakazokutana nazo, kuanzia maji hadi msongamano wa magari, chanzo chake ni hapo.

Barabara zenyewe zina historia inayofaa kujulikana na anayeishi kando yake. Argwings Kodhek zamani iliitwa Hurlingham Road. Imepewa jina la wakili Mwafrika wa kwanza nchini, aliyefia kwenye barabara hiyo hiyo mwaka 1969. Dennis Pritt Road nayo imebeba jina la wakili Mwingereza aliyewatetea Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria. Mimi hupita hapo kila siku na sijachoka kulifikiria jambo hilo.

Sasa, kazi yenyewe. Barabara ikikuvutia, iendee mara tatu kabla ya kumpigia dalali yeyote.

Mara ya kwanza nenda Jumanne saa moja asubuhi. Simama langoni mwa jengo na uhesabu magari yanachukua muda gani kuingia barabara kuu. Kama unafanya kazi katikati ya jiji na unapanda matatu, tembea hadi stegi: namba 46 inayotoka Kawangware hupita jumba la maduka la Yaya Centre na Hurlingham, na zile za 111 za kutoka Ngong hupita Ngong Road. Nyumba iliyo dakika tano kutoka stegi na nyumba iliyo dakika ishirini zinaweza kutangazwa kwa maneno yale yale, "karibu na Yaya".

Mara ya pili nenda Ijumaa saa tano usiku. Hii ndiyo ziara ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowahamisha baada ya mwaka. Kuna barabara za Kilimani ambazo mchana ni kimya hadi unasikia ndege, na usiku baa tatu zinashindana kwa spika. Shusha kioo cha gari au simama tu kando ya ukuta. Ukisikia maneno ya wimbo ukiwa barabarani, utayasikia ukiwa kitandani.

Mara ya tatu nenda baada ya mvua kubwa, hasa Aprili au Novemba. Angalia maji yanakokimbilia. Mto Kirichwa Kubwa na vijito vyake vinapita kati ya majengo haya, na mabonde yake huwa hayaonekani siku ya jua. Agosti 2018 serikali ilibomoa kituo cha mafuta na mkahawa uliokuwa pamoja nacho pale Kileleshwa kwa sababu vilikuwa vimejengwa kwenye ukingo wa mto. Jengo lililokaa kwenye ukingo linakuletea hofu mbili, ya mafuriko na ya tingatinga.

Jambo la mwisho kuhusu barabara, na nililijifunza kwa gharama. Dalali atakuonyesha dirisha na kusema, "Tazama mandhari." Mandhari hayo mara nyingi ni nyumba ya zamani yenye miti mikubwa. Nyumba hiyo ndiyo jengo lijalo. Uliza soja wa lango la pili kama bado kuna watu wanaoishi humo. Ukiona lango limefungwa mnyororo, nyasi zimefika magotini na hakuna nguo kwenye kamba, hesabu kwamba utapata jirani mrefu. Na kama kuna mabati yamezungushwa tayari, soma bango la ujenzi: lina idadi ya ghorofa, jina la mkandarasi na aina ya jengo. Ghorofa 16 mita kumi kutoka sebuleni kwako maana yake ni taa kuwashwa saa nne asubuhi.

Hatua ya pili: maji

Hapa kaa sana, uulize hadi uonekane msumbufu.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hayatoshi jiji. Kampuni ya maji huyagawa kwa zamu, mtaa kwa siku zake. Kwa hiyo usiulize, "Kuna maji?" Jibu litakuwa "yapo" kila mara. Uliza hivi: maji ya kaunti huja siku gani? Tangi la chini linabeba lita ngapi, na la juu lita ngapi? Kuna kisima? Kisima kikiharibika mnanunua lori la maji, na anayelipa ni nani?

Kisha piga hesabu mwenyewe. Mtu mmoja anayeoga, anayefua na kupika hutumia kama lita 100 kwa siku. Nyumba 40 zenye watu watatu kila moja ni watu 120, yaani lita 12,000 kwa siku. Tangi la lita 50,000 litawafikisha siku nne. Kama maji ya kaunti huja mara moja kwa wiki na hakuna kisima, siku tatu zilizobaki ni za mitungi, au za malori ambayo gharama yake itarudi kwako kupitia ada ya huduma.

Kisima ni baraka yenye sharti lake. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi, kuzidi miligramu 1.5 kwa lita ambacho ndicho kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani. Floridi ndiyo inayowaachia watoto meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani floridi inabaki na kuzidi kukolea. Omba kuonyeshwa majibu ya maabara ya maji ya jengo. Uongozi mzuri unayo. Wakisema yamepotea, na una mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanaota, panga kununua maji ya kunywa na ya kupikia, na uiweke gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi tangu siku ya kwanza.

Siku ya kuangalia nyumba, fungua mfereji wa jikoni, wa bafuni na vuta maji ya choo kwa wakati mmoja. Ghorofa za juu kabisa ndizo huonyesha udhaifu wa pampu. Angalia pia ndani ya birika la umeme la mpangaji anayehama, akikuruhusu. Ukoko mweupe ulioganda chini yake utakueleza habari za maji hayo.

Hatua ya tatu: stima, jua na kelele

"Jenereta ipo" ni sentensi yenye maana tatu. Inaweza kumaanisha lifti na taa za ngazi tu. Inaweza kumaanisha taa za ndani ya nyumba lakini si soketi. Au inaweza kumaanisha kila kitu isipokuwa jiko la umeme na shawa ya moto. Uliza ni ipi, na iandikwe. Uliza pia mita ya nyumba ni ya nani. Mita ya tokeni ya Kenya Power unailipia mwenyewe kwa M-Pesa, namba ya biashara 888880, ukiweka namba ya mita kama akaunti. Lakini kuna majengo yenye mita ndogo za mwenye nyumba, na humo unanunua tokeni kwake kwa bei anayoipanga yeye. Linganisha bei ya uniti kabla ya kukubali.

Kuhusu jua, wageni wa Nairobi hudhani mji huu hauna baridi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti nyumba za mawe na vigae hugeuka friji. Miezi hiyo jua huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo sebule inayotazama kaskazini hupata mwanga na joto wakati unavihitaji zaidi. Chumba cha kulala kinachotazama mashariki ni kizuri mwaka mzima. Dirisha kubwa la magharibi hupendeza jioni, ila Januari na Februari litakuchoma. Chukua simu, fungua dira, na usimame katikati ya kila chumba. Ni dakika mbili tu.

Kelele za ujenzi na za baa zina sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi. Malalamiko ya mtu mmoja huenda polepole. Ya jengo zima, yenye tarehe, saa na rekodi za simu, husikizwa. Ndiyo sababu moja ya kutaka kujua kama jengo lina kamati ya wakazi inayokutana kweli.

Hatua ya nne: pesa na mkataba

Nyumba ya vyumba viwili Kilimani hutangazwa kwa bei tofauti sana, mara nyingi kati ya shilingi 60,000 na 120,000 kwa mwezi, kutegemea umri wa jengo, samani na hayo maji tuliyoyazungumza. Tuseme umepata ya 90,000. Usije na 90,000. Kuna kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya mwezi mmoja au miwili, amana ya maji na stima kwa baadhi ya majengo, ada ya wakili anayeandika mkataba, na ushuru wa stempu ambao kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kodi ya mwaka hapa ni 1,080,000, kwa hiyo ushuru ni 10,800. Ukijumlisha, beba akilini mara tatu ya kodi ya mwezi, au zaidi kama amana ni ya miezi miwili, na hapo hujalipa lori la kuhamisha vitu.

Uliza ada ya huduma imo ndani ya kodi au iko kando. Uliza kodi itapanda kwa asilimia ngapi na baada ya muda gani. Asilimia 10 kila mwaka inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mwaka wa tatu ile 90,000 itakuwa 108,900.

Hili lifuatalo watu wengi hawalijui. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ile yenye mahakama yake maalumu ya kuwalinda wapangaji, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa Kilimani hayumo kabisa. Kinga yako kubwa ni mkataba uliouwekea sahihi. Kwa hiyo usome wote, hata kama ni kurasa 14, na usisitize mambo haya yawemo: amana itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kuhama, kinachoweza kukatwa ni nini, notisi ni ya mwezi mmoja au miwili kwa kila upande, na mwenye nyumba atatengeneza nini kwa gharama yake. Mimi niliwahi kukatwa nusu ya amana kwa "kupaka rangi" kuta ambazo nilizikuta na madoa. Sikuwa na picha hata moja, na dalali yule hakushika simu tena.

Tangu siku hiyo nina desturi. Kabla ya kuleta hata kijiko, napiga video ya nyumba tupu, chumba kwa chumba, nikitaja tarehe kwa sauti. Nafungua kila kabati, navuta kila choo, napiga picha ya namba kwenye mita. Kisha naituma kwa barua pepe kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Hajawahi kunibishia mtu tena.

Kuhusu madalali: wapo waaminifu, na wapo wanaokusanya pesa za kuonyesha nyumba ambazo hata si za kupangishwa. Wakala halali husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Muulize cheti chake bila aibu. Pesa za kodi na amana zilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Kama unanunua badala ya kupanga, fanya utafutaji rasmi wa hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, na uulize kama jengo limeshapewa hati ya kila nyumba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2020. Ushuru wa stempu kwa ununuzi mjini ni asilimia 4, na wakili usimkwepe.

Siku ya kuhamia

Hamia asubuhi, katikati ya wiki. Majengo mengi hayaruhusu lori Jumapili wala baada ya saa kumi na mbili jioni, na lifti huhitaji kuwekewa blanketi. Nunua tokeni kabla vitu havijafika. Jaza mitungi miwili hata kama mifereji inatiririka. Mtungi wa gesi wa kilo 13 agiza kwenye duka la karibu nawe ili ukiisha saa mbili usiku bodaboda akuletee kwa dakika kumi. Intaneti ya faiba, uliza keateka ni kampuni zipi tayari zimeingiza nyaya kwenye jengo. Kumleta fundi wa kampuni ambayo haina waya hapo ni kupoteza wiki.

Watu wa langoni na wa nyumbani

Jitambulishe kwa masoja wote wawili, wa mchana na wa usiku, kwa jina. Wape mkono. Soja ndiye atakayekupigia simu akisikia maji yanachuruzika kwako ukiwa Mombasa, ndiye atakayemzuia mtu anayesema ni "binamu yako". Anasimama saa 12 kwa zamu moja. Kikombe cha chai saa nne usiku mwezi wa Julai si kitu kikubwa kwako.

Ukiajiri msaidizi wa nyumbani, mwajiri kwa haki. Hili silisemi kwa kupita. Kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, kulingana na agizo lililoanza Novemba 2024, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Pamoja na hapo kuna michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile ya bima ya afya ya jamii ambayo ni asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mshahara wake, na tozo ya nyumba ambapo wewe unalipa asilimia 1.5 na yeye 1.5. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku moja ya mapumziko katika kila saba, likizo ya siku 21 kwa mwaka, na likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Nimeketi kwenye sebule za watu wanaolipa kodi ya 150,000 na kumlipa dada wa nyumbani 9,000, na huyo dada ndiye anayemlea mtoto wao kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, na kila mmoja abaki na nakala.

Kula mtaani

Sasa raha yenyewe. Kilimani ni mtaa wa kula, na kosa kubwa ni kula kwenye maduka makubwa peke yake. Si kwamba ni mabaya. Mkahawa wa kwanza kabisa wa Java ulifunguliwa hapa jirani, Adams Arcade, mwaka 1999, na Java bado ni mahali pazuri pa kukutana na mtu usiyemjua. Ila mtaa una zaidi.

Anza na kibanda. Kila penye jengo linalojengwa pana mama anayepika, na saa saba kasorobo benchi moja utawakuta mafundi wenye simiti kwenye viatu na mabinti wa ofisini wenye kadi shingoni. Yule ninayekwenda kwake hupika chapati mbele yako. Huusukuma unga uwe mwembamba, akaupaka mafuta, akaukunja kama kamba, akauzungusha kama konokono, ndipo akausukuma tena. Ukiitoa kwenye kikaango inaachana tabaka kwa tabaka. Chapati mbili na ndengu hazinifikishi shilingi 200. Angalia mambo matatu ukichagua kibanda: chakula kinapakuliwa kikitoa mvuke, maji ya kunawa yana mfereji, na foleni ni ya watu wanaorudi kesho. Fika kabla ya saa saba. Saa nane madondo yamekwisha.

Samaki, nenda kwa Mama Oliech, Marcus Garvey Road. Ni hapo Mark Zuckerberg alipokula ugali na samaki alipokuja Nairobi mwaka 2016, lakini wenyeji walikuwa wakipajua zamani. Samaki huchaguliwa kwa ukubwa, kisha unasema unamtaka mkavu au wa mchuzi. Kama ni mara ya kwanza, chukua wa mchuzi, na managu pembeni. Kula kwa mkono, anza na mgongo, ambako nyama ni nene na miiba ni michache. Kichwa acha hadi mwisho. Ndicho kitamu zaidi, na hakitaki haraka.

Nyama choma, vuka Ngong Road uende Kenyatta Market. Usikae chini kwanza. Simama kwenye bucha, chagua mwenyewe mbavu au mguu wa mbuzi, na upimiwe ukiona mizani. Kilo moja na nusu inatosha watu watatu wenye njaa ya kawaida. Choma nzuri huchukua karibu saa nzima, kwa hiyo ukiletewa baada ya dakika 20, ilikuwa imeiva nusu tangu asubuhi. Wakati unangoja, agiza supu na kipande cha mutura. Nyama ikija kwenye ubao, mwambie mkataji asiikate yote mara moja, ili isipoe. Sokoni humo humo dada zako wanaweza kusukwa nywele mkisubiriana.

Na kwenye mikahawa ya Kiethiopia ya Argwings Kodhek, nenda Jumatano au Ijumaa. Hizo ni siku za mfungo kwa Waorthodoksi, na jikoni hujitahidi zaidi kwa vyakula visivyo na nyama: dengu, njegere zilizosagwa, kabichi, mboga za majani, zote zimepangwa juu ya injera moja kubwa. Agiza beyainatu ya watu wawili. Kama hamna haraka, ombeni kahawa ikaangwe hapo hapo. Huja na bisi na ubani.

Jumapili na sokoni

Watoto wapeleke Arboretum, bustani ya miti iliyo kaskazini mashariki mwa mtaa, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za reli, na baadhi ya miti hiyo sasa ni mirefu sana. Kiingilio hulipwa kwa simu. Funga mfuko wa chakula. Kima na tumbili wa huko hawaogopi mtu. Siku ya kutembea zaidi nenda Karura, msitu wa hekta 1,041 ambazo zipo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakizitetea mwaka 1999.

Nguo na vyombo, Toi Market, nyuma ya Adams Arcade, mapema asubuhi siku ambayo marobota yamefunguliwa. Uliza mwenye kibanda chako siku hiyo ni ipi.

Mboga nunua kwa mama mboga aliye karibu na lango lako, ujenge mazoea naye. Atakukatia sukuma wiki nyembamba unavyotaka, atakuwekea managu kabla hayajaisha, na siku M-Pesa ikikwama atakwambia, "Lipa kesho." Parachichi usiyabonyeze mwenyewe, yanaharibika na anaumia moyo. Atakuuliza, "Ya leo au ya kesho?" Jumamosi mimi huchukua matatu: moja ya leo, moja ya kesho, moja ya Jumatatu jioni. Hajawahi kukosea hata siku moja.